Chora Kwanza

Neno hili ni kwako, mwanachuo unayekabili mtihani wa mwisho wa kalkulasi ya vigeu vingi.

Katika somo hilo imo kanuni ya Green, inayounganisha mzunguko wa mpaka na eneo lote lililo ndani yake. George Green alikuwa msagaji wa nafaka katika kinu cha upepo huko Nottingham, Uingereza. Shuleni alikaa muda mfupi sana. Hisabati alijifunza zaidi mwenyewe, akachapisha insha yake kuu mwaka 1828. Chuo cha Cambridge aliingia mwaka 1833, akiwa na miaka 40.

Basi usiseme hisabati ina wenyewe. Leo funga majibu, chukua swali la mwaka uliopita na karatasi tupu. Kabla ya kukokotoa intigrali maradufu, chora eneo: x inaanzia wapi, y inaishia wapi? Ukigeuza mpangilio wa x na y, mipaka nayo hubadilika. Aliyekariri hukwama swali likigeuzwa. Aliyeelewa mchoro hupata pa kuanzia.

Kisha lala mapema. Mtihani ni wa saa chache, uelewa ni wa maisha. Soma ili uelewe.