Maarifa ya Kuambiwa: Usindikaji wa Chakula Nyumbani na Suala la Kuamini

Swali la iwapo mtu anaweza kudai kwamba anajua jambo aliloambiwa tu na wengine, bila ya yeye mwenyewe kulishuhudia wala kulithibitisha, ni la zamani katika tawi la falsafa liitwalo epistemolojia, yaani uchunguzi wa maarifa, vyanzo vyake na mipaka yake. Wanafalsafa wamezoea kulijadili kwa mifano ya mashahidi mahakamani au ya wasimulizi wa miujiza, ilhali jikoni upo mfano mkali zaidi, nao ni wa mtu anayejifunza kwa mara ya kwanza kusindika chakula kwa kukijaza katika chupa za glasi, kukipasha moto kikiwa humo, na kuzifunga chupa zisipitishe hewa ili kidumu miezi mingi bila ya jokofu.

Ukali wa mfano huu unatokana na kiumbe kimoja. Clostridium botulinum ni bakteria anayeishi udongoni, ambaye hujikinga kwa spora, yaani umbo gumu linalomwezesha kustahimili hata maji yanayochemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Spora hizo zikijikuta mahali penye unyevu, pasipo na hewa wala asidi ya kutosha, huota, na bakteria hao huzaliana na kutoa sumu inayopooza misuli, hata mgonjwa akaanza kuona vitu viwili viwili, kope zikamlegea, akashindwa kumeza na pengine kupumua. Chupa iliyofungwa barabara ya maharage mabichi, karoti, nyama au samaki ndiyo hasa makao yanayomfaa bakteria huyu. Kwa hiyo vyakula hivyo husindikwa kwa sufuria maalumu ya presha, ambayo kwa kuubana mvuke hupandisha joto hadi kati ya nyuzi 116 na 121, wakati maji ya kuchemka huachiwa vyakula ambavyo pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, haipiti 4.6, kama vile mananasi na achari iliyotiwa siki ya kutosha.

Chanzo cha kwanza cha maarifa ni hisi, na hapa hisi hazina msaada. Sumu hiyo inaweza kuwamo katika chakula ambacho rangi yake, harufu yake na ladha yake havikubadilika hata kidogo, na anayeonja ili ahakiki anaweza kudhurika kwa hicho alichokionja. Mwanachuoni wa Kiislamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal jinsi jicho linavyokiona kivuli kimesimama, kumbe kinasogea kidogo kidogo. Ulimi nao hudanganyika vivyo hivyo, kwani papai bivu huhesabiwa kuwa tunda kama nanasi, na bado halina asidi ya kulilinda mpaka liongezewe. Nyanya zipo mpakani, na ndiyo sababu miongozo ya Marekani huagiza kila chupa ya takriban lita moja itiwe vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau yaliyotengenezwa kiwandani. Agizo hili huwaudhi wanaothamini kila kitokacho shambani, lakini limau la mtini hutofautiana asidi na mwenzake, ilhali lile la kiwandani limesawazishwa.

Chanzo cha pili ni uzoefu, ambao wengi hukimbilia wanaposema kwamba bibi alichemsha maharage yake kwenye maji ya kawaida miaka yote na hakuna aliyekufa. Mwanafalsafa Bertrand Russell, katika kitabu chake cha mwaka 1912 juu ya matatizo ya falsafa, alitoa mfano wa kuku ambaye hulishwa kila siku na mtu yuleyule, hata akajenga matumaini yake juu ya mazoea hayo, mpaka siku mkono uliokuwa ukimlisha ulipomnyonga. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini aliyevunjika guu hubaki na la kusimulia, na katika suala hili mkuu mwenyewe huenda ndiye aliyebahatika tu. Wapo ambao hawakubahatika: huko Ellezelles, Ubelgiji, mwaka 1895, wanamuziki waliokula paja la nguruwe lililohifadhiwa, baada ya kupiga muziki mazikoni, walidhurika kwa sumu hiyo, watatu wakafariki, na uchunguzi wa mtaalamu wa bakteria Émile van Ermengem ukamfichua bakteria huyo.

Kinachobaki ni ushuhuda wa wanaojua, nao pia una historia inayostahili tahadhari. Nicolas Appert, mtengenezaji wa peremende wa Ufaransa, alichapisha njia yake ya kuhifadhi chakula katika chupa mwaka 1810, baada ya serikali kumtunuku faranga 12,000, bila ya yeye wala mtu mwingine kujua kwa nini ilifaa. Mwanakemia Gay-Lussac alidhani siri ilikuwa kuiondoa oksijeni, na ilipita nusu karne kabla ya Louis Pasteur kuonyesha kwamba joto ndilo lililowaua vijidudu. Kosa hilo halikuwa dogo, kwa sababu ukosefu wa hewa uliodhaniwa kuwa kinga ndio hasa unaompa nafasi bakteria wa Ellezelles. Mtu anaweza, basi, kufanya jambo sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na usalama wake ukawa wa bahati.

Katika usul al-fiqh, yaani elimu ya misingi ya sheria ya Kiislamu, taqlidi ni kuipokea rai ya mwingine bila kuijua dalili yake, na wapo wanachuoni walioitenga na ittibai, ambayo ni kumfuata mtu huku dalili aliyoitegemea ikijulikana. Tofauti hiyo inafaa sana hapa. Mwanafunzi hana maabara, na dakika zilizomo katika majedwali hawezi kuzipima mwenyewe, lakini anaweza kufahamu kwa nini zimewekwa. Anayejua kwamba Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ataongeza muda au presha hata kama mwongozo alionao uliandikiwa watu wa pwani. Anayefuata kwa taqlidi tupu ataifuata namba ya pwani na kujiona mtiifu. Maarifa ya huyo wa kwanza ni maarifa kamili, ingawa ni ya kuambiwa, na wanaodai kwamba ajuaye ni yule tu aliyejionea wanaweka sharti ambalo hata daktari hawezi kulitimiza.

Lipo pia suala la haki. Anayekula peke yake anahatarisha nafsi yake, na hata hilo dini hazikuliruhusu, lakini chakula cha kusindikwa kwa kawaida hupelekwa kwa watoto, wageni na majirani, ambao hawakuona kilivyotengenezwa na hawana la kufanya ila kumwamini aliyekitengeneza. Kanuni ya fiqhi inayokataza kumdhuru mwingine haimsamehi aliyepuuza elimu iliyokuwa mbele yake. Kwa hiyo chupa ya nyama, samaki au mboga ambayo mwenyewe hawezi kueleza ilipikwa dakika ngapi, kwa presha gani na kwa kufuata mwongozo upi, isitolewe zawadi wala sadaka, na itupwe bila kuonjwa.