Kila Chumba na Khanga Yake

Nyumba ya kupanga Tandika au Tandale: vyumba sita, korido moja, ua wa wote. Ugomvi wa kitambaa cha vyombo hauishi, na dawa yake haina gharama. Khanga chakavu ya sentimita 150 kwa 110 hutoa vitambaa 15 vya sentimita 30 kila upande. Kila chumba kikate khanga yake; rangi ya khanga ndiyo jina la chumba. Hakuna tena "nilidhani ni changu, dada".

Kuvifungia vitambaa hivyo ndani ya ndoo yenye mfuniko ni kujitakia harufu, hasa masika: kitambaa kibichi hunuka upesi. Kichemshwe, kikamuliwe, kianikwe juani kwa kibanio. Kikikauka ndipo kiingie kikapuni. Cha kufutia sakafu kikae mbali, hata kama kimetoka khanga ileile.