Je, Uchache ni Thamani?

Huko Marekani na Uingereza wako watu wanunuao mabango ya sinema, si kwa kuyatundika ukutani, bali kwa kuyaweka kama akiba, wakitumaini kwamba bei itapanda. Yafaa tujiulize: kitu kikiwa kichache, ndiyo kusema kina thamani?

Tutazame kwanza mabango ya zamani. Bango la Metropolis, sinema ya Kijerumani ya mwaka 1927, liliuzwa mwaka 2005 kwa dola 690,000. Kwa nini bei kubwa hivyo? Siku zile bango lilikuwa karatasi ya kutangazia tu. Sinema ikiisha kuonyeshwa, lilichanwa, au jingine lilibandikwa juu yake. Hakuna aliyekusudia yaadimike. Mengi yalipotea, machache yakasalia.

Mabango mapya ni habari nyingine. Kampuni ya Mondo, iliyoanzia Austin, Texas, ilijipatia sifa kwa kuwaomba wachoraji wazichoree upya sinema zinazopendwa. Picha huchapwa kwa kupitisha wino katika kitambaa kilichowambwa, rangi moja baada ya nyingine, na nakala hupewa namba: tuseme ya 45 kati ya 300. Hapa uchache haukuletwa na miaka, umeamriwa na mchapaji. Tena, kwa kuwa kila mnunuzi huitunza nakala yake kwa hadhari, ni chache zitakazopotea.

Wako pia wanaowahi kununua nakala zikitoka tu, kisha wakaziuza upesi kwa bei maradufu. Watatuambia kwamba hawakumlazimisha mtu, na ni kweli. Lakini mfanyabiashara achukuaye mahindi penye mengi na kuyapeleka penye njaa ametenda jambo la manufaa. Huyu wa mabango amezidisha upungufu kwanza, ndipo akauuza. Picha haikuongezeka uzuri, na mara nyingi mchoraji hapati hata senti katika faida ile. Anayeilipa ni yule aliyeipenda picha kweli.

Hatusemi kwamba kununua picha kwa kutumaini faida ni uovu. Twasema kwamba bei hupima hamu ya watu, nayo hamu hugeuka. Basi anayetaka kununua na ajiulize: bei ikishuka hata isibaki kitu, je, nitafurahi bado kuiona picha hii ukutani kwangu? Akijibu ndiyo, na ainunue. Akijibu siyo, amwachie mwenzake anayeipenda.