Mzigo wa Mtu na Mzigo wa Jirani

Katika sura ya 6 ya waraka wake kwa Wagalatia, Mtume Paulo aliyaweka karibu karibu maagizo mawili ambayo msomaji wa haraka huyaona kuwa yanagombana: kwanza aliwataka waumini wachukuliane mizigo, kisha, kabla wino wa neno hilo haujakauka, akawaambia kuwa kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Swali la kuwa ni mzigo upi wa jirani na upi wa mtu mwenyewe aghalabu hujibiwa kwa kutaja dhambi na majaribu. Lakini mimi nadhani pahala pazuri pa kulitazama ni mlangoni pa nyumba inayohamwa, kwa kuwa hapo mzigo ni kitanda, kabati na magunia, wala hapana awezaye kujificha nyuma ya maneno.

Watu wa Sagalla, katika nchi ya Taita, wanaijua haja ya kusaidiwa kuhama. Mlima wao umesimama kusini ya mji wa Voi, na tangu reli ilipofika Voi mwaka wa 1897 wameshuka vizazi kwa vizazi kutafuta riziki mjini, wakapanga vyumba Sofia, Kaloleni na Mwakingali. Na wengi wao, umri unapowalemea, hutamani kurejea kwenye shamba la wazazi wao. Kupanda huko na vyombo vya nyumba nzima si kazi ya mtu mmoja. Nimepata kumwona mama mjane akihama chumba alichokaa miaka mingi mjini ili arudi mlimani. Marafiki walipowasili alfajiri walikuta sahani zimekwisha kuvingirishwa kanga moja moja, unga na sufuria vimewekwa kando ili viingie garini mwisho na vitoke mwanzo, na uji umeiva. Jirani yake, fundi seremala, alikifungua kitanda, akazikusanya parafujo zote katika pembe ya leso kuukuu, akapiga fundo, na leso akaifunga kwenye mguu wa kitanda. "Mama," alisema, "jioni usisumbuke kutafuta, zimo humu humu." Naye akamjibu, "Mungu akuweke, mwanangu." Hakuna aliyetaja malipo.

Nikitafakari yale niliyoyaona, naona kuwa agizo la kwanza la Paulo lilitimizwa na yule fundi, na la pili lilitimizwa na yule mama. Mabega yanaweza kuazimwa, tadbiri haiazimwi. Kujua idadi ya vyombo, kukubaliana na mwenye gari juu ya nauli na saa, kumaliza kodi ya mwezi, kufagia chumba kinachoachwa ili aingiaye asikute taka, kuangalia ni nani kati ya marafiki ana mgongo mbovu asitwikwe kabati: hayo yote ni ya mwenye kuhama peke yake. Kuwaita marafiki kabla hujafunga hata sanduku moja ni kuwatwika uvivu wako juu ya mizigo yako, na mtu afanyaye hivyo huku akisema amemtegemea Mungu ameidhulumu tawakali, kwa maana tawakali huanza pale juhudi ya mja inapokoma.

Wako watu wa heshima wasemao kuwa ni heri kukodi mahamali kuliko kuwaudhi rafiki. Neno lao si la kupuuzwa. Ujira ni halali, huwapa watu riziki, na mwenye mali nyingi na vyombo vizito hana udhuru wa kuwavunja migongo wenziwe bure. Lakini na ajiulize kwa insafu sababu ya kukodi kwake. Kwa kuwa kama amekodi kwa ajili ya kuchukia kuwiwa fadhila na kiumbe yeyote, basi huo si uhuru bali ni takabari iliyovaa joho la kujitegemea. Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani asiyeubeba huuona mwepesi. Nami naongeza kuwa anayekataa mzigo wake usibebwe na mtu huwanyima wenziwe njia ya kuujua uzito wa maisha yake, kisha hulalamika kuwa hakuna amjuaye.

Tuitazame hijra ya mwaka wa 622, safari iliyo mashuhuri kupita zote katika habari za kuhama. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikuwa na yakini juu ya ulinzi wa Mola wake kuliko mtu yeyote, na hata hivyo alitoka Makka kwa mpango uliopimwa na kwa msaada wa watu wengi. Abu Bakr alikuwa ameandaa ngamia wawili kwa muda mrefu. Binti yake Asma alishughulikia chakula. Mwanawe Abdallah aliwapelekea habari za mji usiku katika pango la Thaur. Amir bin Fuhaira aliwapitishia mifugo wakapata maziwa. Na Ali akabaki nyuma ili awarudishie watu amana zao. Kiongozi wa njia, Abdallah bin Uraiqit, alikuwa mtu wa ujira, wala hakuwa Mwislamu. Basi rafiki na mkodiwa walikutana katika safari moja, na hapana aliyemvunjia mwenziwe hadhi.

Jambo linalonishika zaidi katika habari hiyo ni kwamba Abu Bakr alipomtolea ngamia mmoja, Mtume alimkubali kwa sharti la kumlipia thamani. Aliyepokea urafiki uliohatarisha roho ya mtu hakutaka ngamia wa bure! Mimi naona hapa ndipo mpaka ulipo. Mapenzi ya rafiki hayana thamani ya kulipika, hivyo hupokewa yote. Bali chenye bei sokoni hulipwa, kisije kikageuza mapenzi kuwa hasara ya mwenzio. Anayehama na alipe petroli ya gari la rafikiye, awape chakula walioshinda na njaa kwa ajili yake, amtengenezee fundi msumeno ukivunjika. Kisha jasho lao alipokee kwa shukrani, asilipigie hesabu.

Lakini kuna sharti jingine, nalo nchi hii ya Taita imelijua kwa uchungu. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Voi ilikuwa kituo kikubwa cha majeshi ya Waingereza, na mwaka wa 1915 reli ya vita ilianza kujengwa kutoka hapo kuelekea Maktau na mpaka wa Wajerumani. Wapagazi maelfu kwa maelfu walikusanywa kutoka kila upande wa Afrika ya Mashariki, wengi kwa nguvu, wakabeba risasi na chakula, na wengi mno wakafa kwa maradhi na uchovu. Jina la jeshi lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Katika vita hivyo hivyo watu wa Kasigau, jirani za Sagalla, walituhumiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa kwa amri ya serikali hadi Malindi, ambako wengi walikufa, na mlima wao hawakuurudia hadi miaka ya 1930. Bega la mpagazi na bega la rafiki ni bega moja, na gunia ni gunia. Kilichotofautiana ni ile nafasi ya kusema hapana. Kwa hiyo anayepanga kuhama na achunguze anaowaita. Asimwite mdeni wake, wala kibarua wake, wala mpangaji anayeogopa kufukuzwa, kwa kuwa hao watakuja wakitaka wasitake. Hisani isiyo na nafasi ya kukataliwa si hisani, ni ushuru.

Imebaki sehemu ya mzigo ambayo ni ya mtu mwenyewe kuliko zote, na wazee wa Taita waliitambua kabla ya msikiti na kanisa. Katika dini yao ya asili, hasira iliyofichwa moyoni iliaminiwa kuwaletea maradhi na nuksi hata watu wa nyumbani. Kwa sababu hiyo walikuwa na ibada ya kutasa, ambamo mtu hupiga funda la pombe ya miwa au kinywaji kingine, akalitema kwa kulinyunyiza, huku akitamka maneno ya heri na kuitoa hasira yake nje. Mwanazuoni wa Marekani, Grace Harris, aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliiandikia ibada hiyo kitabu kilichotoka mwaka wa 1978. Mkristo na Mwislamu wa leo wanaweza kukiacha kinywaji, lakini hekima yake wasiiache. Kuhama huamsha hasira: kwa mwenye nyumba aliyepandisha kodi, kwa jirani aliyesengenya, kwa ndugu aliyeahidi kuja asije. Hapana rafiki awezaye kuibeba hasira hiyo akaitua njiani. Nayo ikiingia garini pamoja na vyombo, nyumba mpya huwa ni ile ya zamani yenye mabati mapya.

Na deni la waliokubebea utalilipa vipi? Wengine hungoja wale wale wahame ili warudishe siku kwa siku. Ni vizuri, lakini haitoshi, kwa maana baadhi yao hawatahama kamwe, na yule mzee aliyekushikia mlango huenda asiwepo mwakani. Isitoshe, uko uhamisho ambao kila mtu atabebwa na wala hatapata wasaa wa kurudisha. Wataita wa kale waliwahamisha hata wafu wao: baada ya muda kaburi lilifunguliwa, na fuvu la mzee likachukuliwa hadi pango la mwamba kukaa pamoja na babu zake. Sisi twabeba jeneza, na sharia ya Kiislamu imeifanya kazi hiyo kuwa faradhi ya jumuiya nzima. Ikiwa mwisho wa kila mmoja wetu ni kuwa mzigo wa bure juu ya mabega ya wenziwe, basi kiburi cha kutowiwa fadhila hakina msingi tangu mwanzo.

Kwa hiyo naona kuwa maagizo mawili ya Paulo hayagombani. Mpango, amana, gharama na moyo ni mzigo wa mtu. Kitanda na kabati ni mzigo wa jirani. Na fadhila ya jirani haidaiwi na jirani peke yake, bali na kila atakayesimama kesho mlangoni na vyombo vyake nje. Atakapokuita, ukiwa na afya na nafasi, enda mapema, wala usingoje akukumbushe.