Jembe la Siku ya Tatu

Mwaka 1962, katika andiko lake juu ya Ujamaa, Julius Nyerere aliitumia methali tunayoijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Alitaka kuonyesha kwamba katika jamii zetu za zamani kila aliyekula alifanya kazi. Tangu hapo wengi tunaisoma kama onyo kwa mvivu. Mimi naiona ni methali ya upweke na namna unavyokwisha. Mgeni anakirimiwa, anatengewa kiti, anapewa mnofu wa samaki, lakini hakuna anayemhitaji. Siku anapokabidhiwa jembe ndipo anapoingia katika hesabu ya mji, na akichelewa kurudi shambani yupo atakayeuliza yuko wapi.

Kwa hiyo upweke si uhaba wa watu. Desemba Musoma imejaa watu, mabasi yanashusha wanaorudi nyumbani kutoka Mwanza na Dar es Salaam, na mwandishi aliyepanga chumba mtaani Nyasho anasalimiwa na kila apitaye. Kinachomkosesha ndugu ni kwamba hakuna anayemtuma. Kazi ya kuandika humzoesha hali hiyo hadi akaiita uhuru. Ndugu, nadhani, ni mtu mwenye haki ya kukutuma.

Ukitoka Bunda ukashika njia ya Kisorya, kisha ukavuka kwa kivuko, unafika kisiwa cha Ukerewe, alikoishi mwandishi aliyewahi kutumwa hivyo, Aniceti Kitereza. Riwaya yake kubwa aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945: habari za Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Yeye mwenyewe na mkewe hawakubakiwa na mtoto. Mswada ukakaa miaka na miaka bila kuchapishwa. Katika miaka ya 1960 Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, waliofika kisiwani kwa utafiti, walimhimiza autafsiri kwa Kiswahili. Mzee amepita miaka sabini! Wangeweza kumhurumia tu, wakamletea sukari na blanketi. Wao wakampa jembe, naye akatafsiri yote. Kitabu kilitoka 1980, na mwaka uliofuata akafariki.

Lakini mkoa wenyewe wa Mara, ilipo Musoma, unanikataza kuishia hapo. Kwa baadhi ya familia za mkoa huu, likizo ya Desemba ni msimu wa ukeketaji, na wasichana hukimbia kwao wakajihifadhi katika nyumba salama, mojawapo ikiwa Butiama, alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Nyerere. Hao wanadaiwa na damu yao, tena wanadaiwa miili yao. Basi haki ya kutuma haitoshi. Lazima anayekutuma naye atumike, na ukikataa akusikilize. Baba asiyekubali kuambiwa hapana na binti yake ni mdai tu. Msichana anayepokewa Butiama hapati ndugu kwa kulishwa peke yake. Yeye na mwenzake wanaanza kuwa ndugu pale mwenzake huyo anapomwambia njoo unisaidie, naye akawa na ruhusa ya kujibu subiri kwanza.

Krismasi moja nilibaki Musoma na mswada wangu. Mama wa nyumba ya jirani, ambaye hadi siku hiyo tulikuwa tukisalimiana tu, alibisha hodi asubuhi. Nilidhani ananiletea sahani ya pilau. “Mwanangu, njoo uniparie hawa sato. Vijana wako kanisani na wageni wanaingia saa saba.” Nikapara ndoo nzima, nikachota maji, nikatumwa mkaa. Jioni nami nikamtuma: nilimwomba asikilize sura iliyonishinda kumaliza. Alisikiliza huku akichambua mchele, akanikatiza kuniuliza kwa nini yule mzee wa hadithi hana mtu wa kumgombeza. Sura ile niliiandika upya usiku huohuo. Januari akaniletea orodha ya mchango wa sare za mjukuu wake, na jina langu lilikuwa katikati ya majina ya wanawe.