Kuketi na Mtoto wa Kidato cha Kwanza



Ni saa mbili usiku. Vyombo vya chakula vimeondolewa, na mtoto wa kidato cha kwanza amebaki mezani na daftari lake la Baiolojia. Mama anapita, anachungulia ukurasa, anakuta Kiingereza kitupu. Mwaka jana, mtoto akiwa darasa la saba, mama huyu alikuwa mwalimu wake wa jioni. Sayansi ilikuwa kwa Kiswahili, Hisabati kwa Kiswahili, na yeye aliyeishia darasa la saba aliweza kuweka kidole kwenye mstari na kusema, "Hapa umekosea, rudia." Usiku huu anasema tu, "Soma mwanangu, usisinzie," kisha anaelekea jikoni. Anajali sana. Kinachomwondoa pale mezani ni aibu.

Najua nyumba nyingi zenye aibu hiyo. Katika shule zetu za serikali hapa Tanzania, mtoto anafanya mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili, na Januari inayofuata anaingia mahali ambapo masomo mengi yanafundishwa kwa Kiingereza. Shule hutumia majuma ya mwanzo kumzoeza, lakini lugha haiingii kwa majuma machache. Mtoto mwenye akili nzuri anaweza kukaa kimya darasani kwa miezi, jibu analo kichwani, maneno ya kulitamkia hana. Halafu kumbuka kwamba tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne, watoto wengi walioingia sekondari wametoka katika nyumba ambazo baba wala mama hakuwahi kuketi kwenye dawati la sekondari. Ukiyajua haya, ile ripoti ya kwanza yenye alama za chini utaisoma kwa moyo mwingine. Je, ulipoipokea, uliisoma kwa moyo gani?

Tufungue Luka sura ya pili. Yesu ana miaka 12, umri wa mwanao au karibu yake. Wazazi wake wamemtafuta, na baada ya siku tatu wanamkuta hekaluni ameketi kati ya walimu, anawasikiliza na kuwauliza maswali. Mama anamweleza jinsi walivyohangaika. Mtoto anajibu, na Luka anaandika wazi kwamba wazazi hawakuelewa jibu lile.

Napenda kutulia hapo kwa Mariamu. Mwanawe amefika mahali ambapo akili ya mama haijafika. Hakumwacha kwa walimu kwa kuwa wao ndio waliomwelewa. Alishuka naye Nazareti, akayaweka yote moyoni, akaendelea kuwa mama. Naye mtoto, pamoja na hekima yote ile, akaendelea kuwatii. Kisha Luka anaipita miaka mingi kwa mstari mmoja tu, akisema kwamba Yesu alizidi kukua katika hekima na kimo. Hatuambiwi lolote kuhusu jioni za nyumba ile. Ninaamini zilikuwa jioni za kawaida kabisa, na Mungu aliona zinafaa kumlelea Mwanawe.

Basi, mpendwa, unaweza kuketi karibu na mtoto anayesoma jambo usilolijua? Vuta kiti, au shika kisu chako ukatie mboga palepale mezani. Mwambie afunge daftari, halafu akueleze kwa Kiswahili alichofundishwa leo. Kama ni mmeng'enyo wa chakula, akuanzie mdomoni mpaka tumboni, aeleze mate yanafanya kazi gani. Akikwama, usimkaripie. Mwambie afungue, atazame, afunge tena, aendelee. Akili hushika vizuri kile ilichojitahidi kukikumbuka yenyewe, kuliko kile ilichokisoma mara kumi kwa macho. Akishakueleza kwa Kiswahili, ndipo arudie kwa Kiingereza chake kile kidogo. Wewe hutaweza kumsahihisha maneno, lakini utajua kama ameelewa au anakariri tu, maana anayekariri ukimuuliza "kwa nini?" hunyamaza. Dakika 20 zinatosha. Heri dakika 20 kila jioni kuliko Jumamosi nzima ya kelele.

Kuna jambo ambalo nalisema kwa upendo, hasa kwa wenye binti. Katika nyumba zetu nyingi, kaka akirudi shuleni anapata muda wa daftari, dada anachota maji, anapika, anaosha vyombo, anambembeleza mdogo wao, na anaanza kusoma saa nne usiku. Kijana wa umri huu anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Kazi za nyumbani ni malezi mema, sizipingi. Nauliza tu kama zimegawanywa kwa haki. Mvulana naye ana mikono ya kuosha sufuria.

Na yale maneno makali tunayowaambia watoto? "Unakula bure." "Mwenzako wa jirani mbona anaweza?" Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai, aliwasihi akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Alijua kwamba moyo wa mtoto unaweza kuchoka kabisa, na ukichoka, hata tuisheni ya gharama haiufikii. Kama uliyasema, hujachelewa. Mwite, mkiwa wawili, mwambie, "Mwanangu, siku ile nilikuumiza kwa maneno. Nisamehe." Usimalizie na "lakini na wewe ongeza bidii." Acha msamaha usimame peke yake siku hiyo. Bidii mtaizungumza kesho.

Fanya hivyo mapema, kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, ambao kwa kawaida huwa Novemba. Asiyefikia kiwango hurudia kidato hicho, na watoto wanalijua hilo na wanalala nalo. Mwambie kabla matokeo hayajatoka kwamba mahali pake mezani pako vilevile, apite au asipite. Yakitoka na ikawa lazima arudie, nenda naye siku ya kufungua shule. Muulizeni mwalimu wa darasa ni masomo gani yaliyomwangusha, kama shida ni somo lenyewe au ni Kiingereza chake, na mwalimu yupi anaweza kumsikiliza baada ya vipindi. Mwache mtoto mwenyewe aulize maswali, nawe usikilize.