Vazi na Zana

Vazi huvaliwa, zana hushikwa. Vazi husitiri mwili, zana huurefusha mkono. Hata hivyo yako mambo yakaayo mpakani mwa maneno haya mawili, na hapo ndipo fikira ipatapo kazi.

Tuitazame bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, ambao Nkololo ya Bariadi, katika nchi ya pamba ya Simiyu, ni mojawapo ya makazi yao. Wachezaji hushika majembe, wakayarusha na kuyadaka kwa mdundo. Asili ya ngoma hiyo ni kilimo cha pamoja, watu walimapo kwa safu huku ngoma ikiwatia ari. Je, jembe la uwanjani ni zana au vazi? Halilimi kitu, basi limekuwa pambo. Lakini pambo hilo lina deni: watazamaji nao ni wakulima, na mkulima hukitambua kiganja kisicholijua jembe.

Huku kwetu pwani, jambia limelipwa deni lake zamani. Lilikuwa silaha, leo bwana harusi hulifunga kiunoni juu ya kanzu, na hapana amwambiaye alichomoe. Heshima yake imo katika kutochomolewa. Zana iliyosamehewa kazi imekuwa vazi.

Tofauti, basi, haimo katika kitu. Imo katika dai. Zana humdai aishikaye atende. Vazi huwadai watazamao wamheshimu alivaaye.

Haya si mchezo wa maneno. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, watu ambao ada iliwataka watembee kichwa wazi na miguu mitupu walivaa kanzu na kofia. Wanawake wakajitanda kanga, na baadaye buibui. Ambaye angewataka kwanza wathibitishe kuwa wanastahili, angewadhulumu, kwani utu hauhitaji ithibati. Kanzu ile haikuwa na kazi ya kuonyesha. Ilikuwa na haki ya kudai.

Lakini mkubwa ashikaye jembe jipya ili apigwe picha, huyo na aulizwe shamba lake liko wapi.

Dhuluma huanza tunapoyageuza mawili haya: tukamdai mnyonge ithibati ya kanzu yake, tukamsamehe mkubwa jembe lake.